Kimya cha Mjomba Bondeni

Baba yangu ni Omari wa Juma, mzaliwa wa Shimoni, na mama yangu ni Mwanamkasi binti Nyawa, mzaliwa wa Mwabungo. Mimi nilizaliwa nyuma ya Msambweni, katika nyumba ya mama yake mama, juu ya bonde la mpunga linaloshuka kuelekea mto Mkurumudzi. Andika hayo kwanza, mjukuu wangu Saumu, kwa sababu mtu asiyetaja waliomzaa huwa ameanza habari katikati. Uandike kama ninavyosema, wala usinipambie. Shule sikwenda, lakini maneno yangu nayajua yanapoanzia na yanapokomea.

Bonde lile lilikuwa na harufu yake, na mgeni aliinusa kabla hajaliona. Ilikuwa ni harufu ya matope yaliyolala na maji kwa muda mrefu, na maua ya yungiyungi yaliyofunguka kwenye kidimbwi cha katikati, na mpunga wenyewe ulipofikia kuwa na maziwa. Mpunga wenye maziwa, punje zikiwa bado laini, hunuka utamu hafifu, kama uji unaokaribia kuchemka. Ndege nao waliijua harufu hiyo, au labda walikuwa na alama nyingine waliyoijua wao, kwani walifika siku hiyo hiyo. Kwera wa manjano walikuja kwa makundi, wakishuka pamoja kama kitambaa kilichotupwa. Yangeyange weupe walisimama kando ya maji, nao hawakuwa na kosa, kwani chakula chao ni vyura na wadudu. Kulikuwa na korongo, na mdiria mwenye mgongo wa buluu, na ndege mmoja mwekundu kama kutu, mwenye vidole virefu kupita kiasi, aliyetembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Sisi watoto tulimwita fundi, kwa kuwa alipima kila jani kabla ya kulikanyaga.

Kazi ya mpunga ilikuwa ya wanawake, na kazi ya kuamia ndege ilikuwa ya mabinti. Kila jaruba, kipande cha mpunga kilichozungushiwa tuta, lilikuwa na dungu lake, jukwaa la miti lenye paa la makuti, na kutoka kwenye dungu zilitandazwa kamba za makumbi zilizofungwa madebe makuukuu. Binti alipanda kabla ya jua kuchomoza, akavuta kamba, akarusha udongo kwa teo, akapiga kelele hadi jua lilipozama. Sauti zetu zilijibizana bonde zima. Anayesema utoto wa zamani ulikuwa mchezo hakuwahi kuamia ndege. Koo lilikauka, macho yaliwaka kwa mwanga wa maji, na mtu hakuweza hata kula kwa utulivu. Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa, na mama yangu alikuwa akiongeza kuwa haba na haba ndiyo inayokimaliza.

Bonde lilikuwa na sheria zake, zisizoandikwa popote. Majaruba yalikuwa ya ukoo, na mwanamke mzee aliyeitwa Bi Mwanajuma ndiye aliyeyagawa. Jaruba lililoachwa kwa ndege hadi mavuno yakapungua lilikatwa tuta katikati, na nusu yake akapewa mwanamke mwingine mwenye bidii. Hakuna aliyelia wala kubishana, kwani ardhi ile ilikuwa ndogo na midomo ilikuwa mingi. Baba aliishi Shimoni kwa mke wake mwingine, na alituletea alichojaaliwa alipojaaliwa. Chakula chetu cha mwaka kilikuwa ni jaruba lile. Hilo lieleweke, kwa sababu yote yanayofuata yamesimama juu yake.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, bendera ikiwa bado mpya kwenye mlingoti wa ofisi ya chifu. Mjomba wangu Salimu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa akifanya kazi Mombasa katika duka la kupiga picha. Tajiri wake alikuwa na mpango wa kutoa kalenda. Alisema kalenda za zamani zilikuwa na picha za theluji na farasi wa Ulaya, na kwamba nchi iliyojitawala inastahili kuning'iniza vitu vyake ukutani. Mjomba akamwambia kuwa kwao kuna ndege anayetembea juu ya maua. Akapewa kamera, akaja.

Alifika akiwa na suruali iliyopigwa pasi na viatu vya ngozi, akavivulia ukingoni mwa bonde kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeingia msikitini. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kamera bila kuniruhusu kuigusa. Kisha akamgeukia mama.

"Dada, nataka kimya," akasema. "Madebe yasilie, teo isirushwe, mtoto asipige kelele. Yule ndege ni mwoga. Nikimpata, mkate wangu umeiva."

"Sawa, kaka," mama akajibu.

Jirani yetu wa jaruba la pili, Mejumaa, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo mpana, akainua kichwa. "Shemeji, na hawa kwera nao wataambiwa wafunge saumu mpaka umalize?"

Mjomba akacheka, akamwomba yeye na wenzake wa bondeni wanyamaze asubuhi ile moja, nao wakakubali, kwa kuwa mjomba alikuwa mtu wa kupendeza alipotaka. Bonde likanyamaza. Sijawahi kusahau jinsi lilivyokuwa. Nilisikia mashuke yakisuguana, na maji yakipita chini ya tuta, na midomo midogo ikipasua punje, tik, tik, tik, kutoka kila upande. Nilikuwa dunguni, kamba mkononi, nikitazama chakula chetu kikiliwa mbele ya macho yangu, na mjomba yumo ndani ya maji hadi mapajani, kainama, jicho moja limefumbwa. Fundi alitoka kwenye matete, akapima jani, akasimama. Kamera ikalia mara kadhaa. Mjomba akatoka majini na uso wa mtu aliyeoa, akavaa viatu vyake, akambusu mama mkono na kichwa, akashika njia ya Mombasa.

Wanawake wengine walirudi kwenye kelele zao kabla hajafika barabarani. Nami nikaishika kamba ya madebe. Mama akaniambia, "Iache."

Nikadhani hakusikia kuwa mjomba ameondoka. Nikamwambia. Akasema, "Aliyesema kimya ni kaka yangu. Hajasema kiondoke."

Hapa ndipo wajukuu wa leo husimama na kuniuliza kama mama alikuwa na akili timamu. Alikuwa nayo. Kwetu sisi mjomba hakuwa mtu wa kuleta peremende tu. Yeye ndiye aliyesimama kwenye ndoa ya dada yake, ndiye aliyesikilizwa kabla ya baba, watoto walipogombaniwa, na neno lake, likishatamkwa, liliondolewa na yeye aliyelitamka au halikuondolewa. Mjomba alikuwa akilijua hilo tangu utotoni. Lakini alikaa sana mjini, mahali ambapo mtu huomba jambo, akalipata, na jambo likaisha lenyewe. Alikuwa amesahau kwamba bondeni neno lake bado lilikuwa limesimama, kama mtu aliyeachwa mlangoni bila kuambiwa aketi wala aende.

Basi kimya kikaendelea. Kila asubuhi nilipanda dunguni kwa desturi na kukaa bila kazi. Ndege si wajinga. Walifukuzwa kwa Mejumaa, wakaja kwetu. Walifukuzwa juu na chini, wakaja kwetu. Jaruba letu likawa manjano kabla ya wakati, na manjano hayo hayakuwa ya mpunga kuiva. Mejumaa akaja kwenye tuta la mpaka, mikono kiunoni.

"Mwanamkasi, niache mimi nikupigie kelele. Mimi si dada wa mtu."

"Kelele yako ikiingia kwangu, ni yangu," mama akamjibu. "Nakushukuru, Mejumaa. Usifanye."

"Ee, kaa na heshima yako basi, uipike jioni! Uione kama inaiva!"

 Mama aliendelea kung'oa magugu katika mpunga ambao nusu yake ulikuwa makapi, na mgongo wake haukuonyesha chochote. Bi Mwanajuma alipita juu ya tuta kuu, akasimama, akatazama jaruba letu kwa muda, akaondoka. Kila mtu bondeni alijua maana ya kutazama kule. Wazee wameniachia methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakuniachia methali ya aliyesikia, na guu likavunjika vilevile.

Mjomba alirudi mwezi mpya ulipokuwa umeandama. Filamu yake ilikuwa imeingia mwanga, picha zote zimeungua, na tajiri alikuwa amempa nafasi moja tu ya kurudia. Alishuka bondeni akiita kwa mbali, "Dada, naomba kimya tena, asubuhi moja tu!"

Mama alikuwa ameinama. Akanyooka taratibu, akasafisha matope mikononi, akasema bila kupaza sauti, "Kimya kipo, kaka. Hujakiondoa."

Mjomba alicheka kwanza. Kisha akatazama. Akayapitisha macho kwenye mashuke yaliyosimama wima kwa kukosa punje, na makapi yaliyoelea majini, na mimi niliyekaa dunguni mikono mapajani. Akaja hadi kwenye ukingo wa jaruba, akavunja shuke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu.

"Mbona hukuniletea habari?"

"Nimtume nani akuambie kuwa nimechoka na neno lako?"

Wakati huo huo fundi alitoka kwenye matete. Ndege wale walikuwa wamezoea ukimya wetu hata hawakutuogopa tena. Alikuja karibu kuliko alivyowahi kuja, juu ya jani pana, na nyuma yake vifaranga vyake, vidogo kama mbegu za embe, vikijaribu vidole vyao kwenye maji. Picha kama ile hajaipata mtu yeyote kwa kuitafuta. Mjomba aliinua kamera hadi usoni. Nilimwona akifumba jicho. Nilimwona pia mama, ambaye hakuwa akimtazama ndege wala kamera, bali alikuwa akimtazama kaka yake, akisubiri kama alivyokuwa amesubiri siku zote zile.

Mjomba akaishusha kamera. Akafungua mdomo, akatoa ukelele ambao sikujua kuwa umo ndani ya mtu yule nadhifu. Bonde zima likainuka. Kwera waliruka kama vumbi, yangeyange wakapaa, na fundi na wanawe wakatokomea kwenye matete. "Nimekiondoa!" akasema. "Dada, nimekiondoa! Mpwa wangu, vuta hizo kamba!" Nikazivuta hadi zikanikata viganja.

Hakurudi Mombasa. Alipanda dunguni na suruali yake ya pasi, akaamia ndege hadi mavuno, kazi ambayo hakuna mwanamume mzima aliyewahi kuonekana akiifanya pale. Wanawake walimpokea kama alivyostahili kupokewa. "Shemeji wa mjini, paza sauti! Huko Mombasa mnakula nini, mawingu?" "Msimcheke jamani, binti wa watu, bado mgeni!" Mejumaa alimletea kanga ajifunge kiunoni, akaifunga, wakacheka hadi wakakaa chini matopeni. Yeye hakuacha kupiga kelele.

Mavuno yalikuwa machache hata hivyo. Bi Mwanajuma alisikia habari yote, akamsifu mama kwa adabu yake na mjomba kwa koo lake, kisha akakata tuta katikati ya jaruba letu, kwa kuwa sheria haikuuliza sababu. Nusu ile haikurudi kwetu. Mwaka ule tulikula muhogo. Kalenda ilitoka ikiwa na picha ya meli bandarini, na mjomba akarudi Mombasa dukani, kwenye kazi ya kupiga picha za pasipoti. Mama na kaka yake waliishi miaka mingi baada ya hapo, na sikumsikia hata mmoja wao akimlaumu mwenzake.

Sasa bonde limekuwa mahali pa matembezi. Vijana wamejenga njia ya mbao juu ya maji, na wageni kutoka hoteli za Diani huja na kamera ndefu kama bunduki. Mwaka jana, Saumu, ulinishika mkono tukapita juu ya mbao hizo, na mwongozaji akatuomba kwa adabu tusizungumze. Nilinyamaza. Kwera hawapo, kwa kuwa mpunga haupo. Yangeyange wapo, na mdiria nilimwona. Wewe ulipata picha ya fundi kwa simu, ukanionyesha, nami nikakuambia ni nzuri, na ni nzuri kweli. Kimya cha siku hizi hakimgharimu mtu chakula, na hilo ni jema. Lakini wanaokaa kimya pale hawajui kwamba watu waliwahi kuishi kwa kelele mahali hapo, na mimi sikuona sababu ya kuwasumbua kwa kuwaambia.

Basi haya ndiyo ya kuweka. Nusu ya jaruba iliyobaki ni yetu, ile iliyo upande wa mwembe uliokatwa. Wakija kutaka kupitisha mbao zao, wasikilize, lakini usiuze. Mbegu ya mpunga iko katika mtungi, ipande walau ukingoni, isije ikafa. Jina la mjomba Salimu liweke pamoja na ya wazee wengine katika dua, na picha yake ya fundi usiitafute, kwani haipo. Na jambo la mwisho ni hili. Tangu uzaliwe nimekupa maneno mengi makali, usifanye hiki, usiende pale, usiseme na fulani. Mengine nilikuwa na hasira tu, na mengine yalikuwa ya siku moja. Nakujua, umeyashika yote. Kabla hujaweka kalamu, niulize moja moja, nami nitakuambia lipi limekwisha. Nikitangulia kabla hujamaliza kuuliza, yaliyobaki nimeyaondoa.