Ikwalaiza ya Chumba Kitupu

Tarehe nane Mfungo Sita mke wangu alifariki. Sauti yake ilibaki kwenye simu: kasida moja aliyoifanyia mazoezi chumbani kwetu kabla ya kwenda kuisoma kwenye maulidi ya wanawake.

Baada ya khitma ya arobaini, dada zake walikuja kuvitoa vitu vyake sadaka, kama ilivyo desturi yetu. Waliniuliza nini kibaki. Nikasema toeni vyote. Likaenda godoro la sufi, mapazia, mikeka, na khanga zilizojaa kwenye kamba ya ukutani. Nikabaki na kitanda cha kamba na spika zetu mbili.

Nilipounganisha simu kwenye spika, sauti haikuwa yake. Ilivuma kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Nikajaribu spika za masikioni. Zilikuwa safi, lakini alikuwa ndani ya kichwa changu. Nilimtaka chumbani.

Nikaenda kwa Mhindi muuza redio wa mji mkongwe. Akaweka juu ya meza ikwalaiza mbili, mashine za kurekebisha sauti. Moja ilikuwa na vifundo vitano vya kuzungusha. Nyingine ilikuwa na safu ndefu ya vitufe vya kusogeza juu na chini, kila kimoja na sehemu yake ya sauti.

"Hii ndogo inatosha harusi nzima," alisema. "Hiyo kubwa utaisumbua bure, mzee wangu, nayo itakusumbua."

"Nataka ya kukamata mvumo peke yake, iache mengine."

"Basi hiyo kubwa. Chumba kina nini ndani?"

"Kitanda."

"Na nini tena?"

"Mimi."

Alicheka, kisha akaacha. "Itapunguza kinachozidi. Mwangwi wa ukuta mtupu haiutoi. Tundika nguo, tandika kitu chini."

Nilichukua ile kubwa. Nikashusha kitufe kimoja, mvumo ukapungua. Nikashusha cha pili, sauti ikakonda ikawa kama ile ya siku zake za mwisho. Nikakipandisha haraka. Mwangwi ulikuwa palepale. Kila neno lilirudi kutoka ukutani limechelewa.

Nikaenda Mapinga kwa shemeji yangu, dada yake mkubwa, kuuliza mapazia yalikwenda kwa nani, niyaazime tu.

"Sadaka hairudi, shemeji, wala haiazimwi," alisema. "Ulisema tutoe vyote. Tuliona haya kukubishia."

Ni kweli, nilisema hivyo.

Akaingia ndani, akaniletea khanga yake mwenyewe. "Moja haijazi chumba," akasema, "lakini chukua."

Niliitundika ukutani, nikawasha. Hakuna kilichobadilika. Kasida ikafika pale anapokohoa, anacheka, ananiambia nifunge mlango. Nilikuwa nimeshaufunga. Kicheko kikarudi kutoka ukutani.

Nikazima. Nikachomoa waya, nikairudisha ikwalaiza ndani ya boksi lake.