Waya Nilioukata kwa Mkono Wangu

Nakumbuka siku moja king'ora cha mashine ya boti yangu kililia katikati ya mkondo, baina ya Tumbatu na Mkokotoni, na abiria kumi na mmoja wakanigeukia kwa pamoja. Kumi na mmoja khasa. Niliwahesabu mara mbili, kwa sababu watu wetu wakiambiwa boti imejaa hupanda wengine wawili ili wahakikishe.

Mwanangu, jana ulikuja dukani kwangu hapa Malindi ya Unguja, ninapouza vipuri na kutengeneza mashine za boti, ukanipa shikamoo ya adabu, kisha ukaniomba koleo la kukatia waya. Ukasema king'ora cha boti yako kimeingiwa na wazimu na wageni wako wanaogopa. Nikakunyima, ukaondoka umenuna. Mbele ya wateja nisingeweza kukueleza. Ndiyo maana nakuandikia.

Siku ile nilikuwa kijana, boti yangu mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kunishinda kwa kupatana bei ya kitu chochote. King'ora kinalia kwamba mashine inachemka, na geji ya joto sindano yake imelala chini kabisa, kama mashine haijawashwa tangu Idi. Mmoja wao muongo. Nikavuka polepole, nikamwita Fundi Makame kutoka Bububu.

Mzee yule alipofika hakugusa spana. Aliniambia niwashe, akaenda nyuma akayatazama maji ya kupozea yanavyoruka kutoka kwenye tundu lake, akayatia mkono.

"Yanatoka, tena vuguvugu. Haichemki hii."

Kisha akauchomoa waya wa king'ora pale unapoingia kwenye kichwa cha mashine. King'ora kikaendelea kulia.

"Unasikia? Kichwa cha mashine hakimo katika maneno haya. Waya umechubuka njiani, unagusa chuma." Akapapasa mpaka akapaona, akapafunga tepu, kukawa kimya. "Tepu hii ni ya kukufikisha kwangu tu. Niachie boti siku tatu. Niufuate waya wote, nibadilishe geji, nifungue na njia ya maji niisafishe."

"Siku tatu, Fundi? Watu wa Tumbatu waogelee?"

"Siku mbili, basi."

"Niachie leo. Nitaileta wiki ijayo."

"Wiki ijayo ipi?"

"Hiyo ijayo."

Akafuta mikono kwa kitambaa, hana haraka. "Haya. Mimi umenishusha. Na mashine, ushapatana nayo?"

Nilicheka sana. Nikaenda barazani nikajisifu: nimemshusha Fundi Makame kutoka siku tatu mpaka nusu saa.

Siku ya nne king'ora kikalia tena. Mwanangu, sikugeuka kutazama maji. Sikuchomoa waya. Jibu nilikuwa nalo tayari, la kupewa na fundi mwenyewe. Nikatoa koleo, nikakata. Abiria mmoja akanipigia makofi.

Kesho yake, jua limechomoza tu, mke wangu Mwanaisha akashikwa na uchungu, na miezi haijatimia. Mkunga, Bi Pili, akatoka chumbani na neno moja: "Mvushe. Sasa hivi." Tulipanda wanne: mimi, Mwanaisha, mama yake na Bi Pili. Watano, kwa hesabu yangu mimi. Nikaifungulia mashine mpaka mwisho. Macho yangu yalikuwa kwa mke wangu na kwa Mkokotoni. Nyuma hakuna aliyetazama. Maji ya kupozea yalikatika lini, sijui mpaka leo. Sindano ya geji ilikuwa imelala, kama kawaida yake. King'ora nilishakinyamazisha. Ikaja harufu ya rangi inayoungua, mashine ikaguna, ikakaza, ikafa.

"Washa," akasema mama mkwe.

"Haiwaki, mama."

"Si ulisema nzima?"

Nikaiinua mashine kutoka majini. Matundu ya kuvutia maji yameziba kwa mwani na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani ambavyo Mwanaisha mwenyewe alikuwa akivifunga shambani kwake kila bahari ikikupwa. Nikavitoa kwa vidole. Ilikuwa kazi ya dakika moja, lakini chuma ndani kilishashikana. Nikachukua kasia. Mimi napiga kwenda mashariki, mkondo unatupeleka kusini. Mwanaisha alikuwa akipiga kelele, kisha akaacha, na hapo ndipo nilipoogopa.

Tulifika ng'ambo tumechelewa. Hospitali walimuokoa yeye tu. Mtoto alikuwa wa kiume. Hatukujaaliwa mwengine.

Fundi Makame alikuja kutupa pole, kisha akaenda ufukweni peke yake kuitazama boti. Aliporudi alikaa karibu yangu, akasema taratibu, "Tepu yangu ipo vilevile. Haijachubuka."

Sikumfahamu mara moja. Maana yake ni kwamba kilio kile cha pili hakikuwa cha waya. Mashine ilikuwa imeshaanza kukosa maji, na ilikuwa inaniambia.

"Ningezing'ang'ania siku zangu tatu," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Alikuwa ananiomba radhi. Yeye, mimi.

Sikudanganyi kwamba yamepoa. Mwanaisha hajanilaumu hata siku moja, na mara nyingi natamani angenilaumu, nikapata pa kujitetea. Mwenyewe nikijihesabia kosa lile, kila nikirudia linakuja lilelile.

Basi sikiliza. King'ora kikilia, punguza mwendo, geuka nyuma, tazama maji. Yakiwa hayatoki, au yanadondoka tu, zima, inua mashine, safisha matundu. Yakitoka vizuri, tazama mafuta ya kulainishia. Ukisharidhika na hayo ndipo uchomoe waya kwenye kichwa cha mashine: kikinyamaza, kuna joto au kipimo cha joto kimeharibika, kikiendelea, waya ndio wenye kosa. Geji usiipe neno la mwisho, maana ikifa haisemi imekufa, inalala tu. Na king'ora kikiwa kimekudanganya mara tisa, mara ya kumi kagua kama ya kwanza. Mimi kilinidanganya mara moja tu.

Koleo sikupi. Lete boti yako hapa Malindi, waya wote ufuatwe, na njia ya maji ifunguliwe. Siku tatu, na safari hii sishuki.

Mungu akulinde, mwanangu, akujaalie kila safari yako wanaoteremka wawe sawa na waliopanda. Ukifika, wahesabu. Kisha wahesabu tena.