Sahihi ya Pili kwenye Mpira

Kwetu Kakamega mama mkwe hagombezwi. Akiingia unainamisha macho, unampisha, na ukikasirika unameza hasira zako. Walioweka adabu hiyo hawakuwahi kufungiwa naye nyumba moja huku ughaibuni, Macquarie Fields, mipaka imefungwa kwa korona, ndege hakuna, na yeye alikuja kutusalimia tu.

Alikuwa mlokole na alikuwa na sanitaiza. Maziwa, ndizi, barua za benki, hakuna kilichovuka mlango bila kupanguswa. Nikirudi kutoka kazini, ghalani St Marys, namkuta anasugua vitasa, nasonya kimoyomoyo.

Nilichomwomba asiguse ni rafu yangu. Tangu mwalimu mmoja mgeni alipotufundisha besiboli shuleni, nimekusanya vitu vyenye sahihi ya gwiji mmoja wa Marekani: kofia, picha, gongo lenye ufa. Kilichokosekana ni mpira. Kaka yangu, aliyeishi kule, alipanga foleni akaupata. Kisha akanipigia simu akicheka: chini ya sahihi ya gwiji ametia yake, kwa kalamu ya kuchorea ya binti yake.

"Umeniharibia mpira!" nikamfokea.

"Acha wivu. Siku moja utaringia yangu, si ya huyo mzee."

Akautia posta. Ndege zilikuwa chache, kifurushi kikachelewa, na kabla hakijafika korona ikamchukua. Nilimzika kwenye skrini ya simu, nimekaa kitandani nimevaa suti. Baada ya hapo gwiji hakunihusu tena. Nilichongoja ni ule mwandiko mbovu wa kaka.

Mpira ulifika nikiwa kazini. Niliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama kando ya rafu, mikono imemchubuka kwa dawa, anatabasamu.

"Baba, naona mtoto wa marehemu aliuchorachora mpira wako. Usijali, nimefuta. Jina la yule mzee sijaligusa, najua unavyolipenda. Nimelizunguka na pamba ya masikio, polepole."

Kweli. Sahihi ya gwiji ilikuwa pale pale, wino mzito, haina hata mkwaruzo. Chini yake ngozi ya mpira ilikuwa nyeupe pee.

Nilitaka kuvunja dirisha. Nilitaka kumuuliza nani alimtuma, na nani alimwambia kila kitu katika dunia hii ni uchafu, na kumwambia arudi kwao hata kwa miguu. Mke wangu alisimama mlangoni ameziba mdomo kwa kiganja, maana yeye alijua. Mama alikuwa bado anangoja neno langu.

"Asante, mama," nikasema, macho chini.

Mpaka leo wakusanyaji wenzangu wakija huugeuzageuza mikononi na kunipongeza. Wanasema hawajaona mpira safi kama huu, hauna doa hata moja. Natamani kuwapiga nao usoni.