Rangi za Kucha Kwenye Chujio

Mashine ya kuoshea vyombo ikigoma kutoa maji, kosa la kwanza la watu ni kuipiga teke. La pili ni kuniita mimi baada ya kuipiga teke. Mimi ni fundi wa friji na mashine za kufulia hapa Tunduma. Hizi za vyombo si nyingi huku kwetu, lakini zipo: kwenye nyumba za wageni, kwa mawakala wa mizigo pale mpakani, kwa watu waliorudi na vitu vyao kutoka mbali. Kila nikiitwa, wimbo wangu ni mmoja. Zima, chomoa waya, angalia chujio kwanza, halafu ndipo tuongee.

Siku niliyoifungua ya nyumbani kwangu sikuimba chochote. Ilikuwa wiki ileile tuliyomzika mke wangu.

Ilikuwa mashine yake. Niliipata kwa mteja wa Vwawa aliyekuwa anahama, akaniachia kwa kuwa ilikuwa imekufa na hakuona sababu ya kuibeba. Nikabadilisha pampu, nikaiunga kwenye simtanki letu, maana maji ya bomba hapa mtaani huja yanapojisikia. Nilihangaika nayo kwa ajili ya mikono yake. Kipupwe kikiingia maji yanauma, na vidole vyake vilikuwa vinapasuka mpaka akishika chumvi anaruka. Alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Akaiita kabati linalooga. Aliitumia Jumapili tu, tukitoka ibadani, na hata hapo alikuwa anavisugua vyombo kwanza kwa mkono ndipo anaviingiza. Nilikuwa nakasirika. Namuuliza, sasa mashine inafanya kazi gani hapo? Ananijibu bila hata kugeuka, "Inamalizia."

Hapa lazima nieleze habari ya sahani, la sivyo mtu hataelewa. Wanawake wa mtaani kwetu wana mchezo wa vyombo. Wanachanga, na kila zamu mmoja wao ananunuliwa sahani, mabakuli na vikombe. Wananunua kwa mfanyabiashara mmoja ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, kwa hiyo nyumba zote za mtaa zina sahani zilezile, nyeupe, zenye mstari mwembamba wa bluu ukingoni. Kukiwa na harusi au msiba, kila mwanamke anakuja na beseni lake limejaa, na baada ya shughuli kila mmoja anarudishiwa vyake. Havipotei kwa sababu kila nyumba ina alama. Wanapaka rangi ya kucha chini ya sahani: huyu nukta nyekundu, yule mstari wa zambarau, mwingine nukta mbili za kijani. Kwenye vijiko wanafunga uzi.

Mke wangu aliondoka kwa presha. Asubuhi alikuwa anachambua maharage, mchana nikapigiwa simu nikiwa nimelala chini ya friji ya mtu. Nilipofika nyumbani mabeseni ya vyombo yalikuwa yameanza kuingia uani, na nilipoyaona mabeseni ndipo nilipojua.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaishi Nakonde. Alivuka siku hiyohiyo. Alikuta wanawake wamechutama uani, upepo unawapiga, wanaosha vyombo vya waombolezaji kwa maji ya baridi ambayo nayo yalikuwa ya kubania. Akawaonea huruma. Nadhani pia alikuwa anatafuta kitu cha kufanya asianguke. Akajifungia jikoni na ile mashine, akawa anajaza, anawasha, anapakua, anajaza tena, kwenye maji ya moto kuliko yote. Nikaenda mlangoni kumuuliza kama anataka nimsaidie.

"Awe, shemeji," akanikatalia kwa Kibemba, "nenda ukakae na wanaume wenzako. Hapa ni kwa dada yangu."

Nikaenda kukaa na wanaume wenzangu. Wanawake walimshukuru sana, na hakuna aliyefikiria chini ya sahani. Kwao shemeji wanachora chombo kwa msumari, habari ya rangi ya kucha haijui.

Tulimzika kwetu Mbozi, jirani na mibuni ya mama yangu. Tuliporudi Tunduma nyumba ilikuwa imejaa vyombo mpaka kwenye makochi, na shemeji, aliyetangulia kurudi na gari la kwanza, alikuwa amesimama jikoni analia. Mashine ilikuwa imejaa maji, inaunguruma bila kutoa hata tone.

"Shemeji, nimeua mashine ya dada."

Sitaficha: nilifurahi. Tangu mchana ule kila kilichoharibika nyumbani kwangu kilikuwa hakitengenezeki, na hapa palikuwa na kitu ninachokiweza. Nikachomoa waya. Nikayachota maji kwa kikombe, yaliyobaki chini nikayanyonya kwa tambara. Nikatoa kikapu, nikauzungusha mkono wa kurushia maji, nao nusu ya matundu yake yalikuwa yameziba. Halafu nikalichomoa chujio.

Nilitegemea ugali. Ugali ndio adui wa mashine hizi huku kwetu. Ugali ulikuwepo, na punje za wali, na ganda la haragwe. Lakini katikati ya uchafu huo kulikuwa na vipande vyembamba vya rangi: vyekundu, vya zambarau, vya kijani, vya pinki inayometameta. Nikavisuuza kwenye kiganja. Ilinichukua muda kuelewa nimeshika nini. Nikailaza mashine chali, nikatoa pampu, nikakuta panga lake la kusukuma maji limesongwa na nyuzi za vijiko, nyeusi, nyeupe na za njano, zimejizungusha kama kitovu. Nikazikata kwa wembe moja baada ya nyingine. Nikairudisha pampu, nikawasha, maji yakatoka vizuri. Nikaizima, nikaenda sebuleni, nikageuza sahani. Chini ilikuwa nyeupe. Nikageuza nyingine, na nyingine. Zote nyeupe.

Mtaa mzima ulikuwa sebuleni kwangu na hakuna aliyekuwa na jina.

Wala wasingekuja kuuliza. Kwetu mtu hadai chombo kwenye nyumba yenye msiba, anangoja arudishiwe, hata kama anawapakulia watoto wake kwenye mfuniko wa sufuria. Aliyekuwa anarudisha siku zote ni mke wangu. Alikuwa anapita nyumba hadi nyumba na mabeseni, anakunywa chai kila anapoingia, anarudi jioni na habari za mtaa mzima. Shemeji alipojua alichofanya alikaa sakafuni katikati ya sahani akajifunika kanga usoni. Nilikuwa na maneno makali mdomoni, nami ni mwepisi wa maneno makali. Nikamtazama mabega, jinsi yalivyofanana na ya dada yake, nikayameza.

Nilitaka jambo moja tu. Vya watu virudi kwa watu, na vyake vibaki. Nguo zake ndugu walikuwa wameshagawana, kama ilivyo desturi, na nilikubali kwa moyo. Lakini sahani alizozipata kwa zamu yake, alizotupakulia, nilitaka zibaki humu ndani, na nizijue. Nimekula kwenye sahani zile miaka yote na sikuwahi kuigeuza hata moja. Nani anageuza sahani yenye chakula?

Nikaenda kwa mama jirani, yule mzee anayeshika mchezo wao, nikamweleza yote: maji ya moto, chujio, nyuzi. Hakushangaa wala hakulaumu. Alisema tu, "Baba, tutakuja. Sisi tunavijua hata gizani."

Wakaja siku iliyofuata saa za alasiri. Shemeji alitandika mkeka uani tukavipanga vyombo vyote juu yake. Wakachutama wakaanza kuchagua, na kweli walikuwa wanavijua. Mmoja alipapasa ukingo akapata pengo. Mwingine alijua bakuli lake kwa kovu la kaa la moto. Hakuna aliyegombea. Mmoja akinyoosha mkono, mwingine anaurudisha wake. Nilisimama mlangoni nikaona mkeka unapungua, na sasa nilikuwa nimeelewa kwamba sihitaji alama. Wakishamaliza wote, kitakachobaki ni cha kwake.

Wakamaliza. Mmoja mmoja wakajitwisha mabeseni yao. Mkeka ulikuwa bado umejaa.

Nikamtazama mama wa nyumba ya pili. Alikuja msibani na beseni alilolishika kwa mikono miwili, nilimpokea mwenyewe. Sasa alikuwa na bakuli moja na vikombe viwili. Jirani yake ameshika sahani tatu kifuani kama anaficha. Nikawatazama wengine, wote vilevile, na wote wakaangalia chini.

"Mama," nikamwambia yule mzee, "hivi si vya kwake vyote."

"Ni vya kwake, baba."

"Hakuwa na vingi hivi. Kabati lenyewe halitoshi."

"Ni vya kwake," akarudia. "Hatuwezi kuja kugombania sahani na nyumba yako. Vipokee."

Walikuwa wamekubaliana njiani, kila mmoja aache baadhi ya vyake. Kwa wema wao. Nikahisi hasira inanipanda, hasira ambayo huwezi kuitoa, kwa sababu waliokukosea wamekupa vitu vyao na majumbani kwao watakula kwa zamu.

"Basi niambieni alama yake," nikasema. "Alikuwa anapaka rangi gani? Labda kuna iliyobakia mahali, nitatafuta."

Mama wa nyumba ya pili ndiye aliyejibu, taratibu.

"Kaka, yeye hakuwa anapaka. Sisi sote tulipaka, yeye alikataa. Alikuwa anasema, ninyi chukueni vyenu, vitakavyobaki ndivyo vyangu."

Shemeji alitoa sauti, akaingia ndani. Mimi nilisimama palepale nikiuangalia mkeka, sahani nyeupe juu ya sahani nyeupe, na mstari wa bluu ukingoni, zote sawa. Zake zilikuwa humo. Nikawaambia asanteni, Mungu awabariki, kwa sababu hakuna lingine la kuwaambia. Wakaondoka na mabeseni yao mepesi.

Vyombo vilivyokosa nafasi kabatini nilivipanga chini ya meza. Shemeji akasonga ugali, akaniuliza anipakulie kwenye ipi. Nikamwambia yoyote. Nikala, nikamaliza, nikaigeuza. Kila siku nachukua nyingine, na kila nikimaliza naigeuza.