Adapta Iliyovalishwa Gauni

Mshonaji mmoja aliitwa Mama Pindo, kwa kuwa kwenye kukunja pindo la nguo hakuwa na mpinzani. Mwilini hakuwa na ugonjwa wowote, ila alikuwa na mdogo wake. Mdogo huyo alikuwa msusi, na watu walimwita Kidosho. Jina hilo peke yake lilitosha kumharibia Mama Pindo siku nzima. Mmoja kaitwa kwa uzuri wake, mwingine kaitwa kwa upindo wa gauni la watu!

Wivu huo ulikuwa mzee kuliko cherehani yake. Tangu utotoni Kidosho alibebwa mgongoni, yeye akabeba ndoo. Aliuficha vizuri, kama fundi anavyoficha ncha ya uzi, mpaka magoti ya mama yao yalipogoma na ikawa hawezi tena kuishi peke yake.

"Nitaonja nyumba zote mbili," mama aliwaambia. "Nikishaonja nitasema nakaa wapi."

Akaanza kwa Kidosho. Habari za huko zikamfikia Mama Pindo kwa midomo ya wateja. Mara bibi anapepewa na feni, mara anakunywa maji ya friji, mara anachemshiwa maji ya kuoga kwa birika la umeme hata mwayo hajaumaliza.

"Mama yako kanenepa huko, dada," mteja mmoja alimwambia akiwa amenyanyua mikono apimwe kifua.

"Simama wima," Mama Pindo akajibu, akaikaza futi mpaka mwenzake akakohoa.

Basi naye akatafuta feni, akatafuta kifriji cha mtumba, akatafuta birika. Alichosahau kutafuta ni pa kuvichomeka. Chumba chake kilikuwa kimoja kikubwa, cherehani upande huu, kitanda cha mama upande ule, na soketi moja tu chini ya dirisha.

Dukani, muuza vifaa vya umeme alimwekea vitu viwili mezani. Kimoja ni ekstensheni nzito, yenye fyuzi na swichi yake. Kingine ni adapta nyeupe, nyepesi kama kiberiti kitupu, yenye matundu kila upande.

"Unataka kuchomeka nini, mama?"

"Vitu vya kawaida."

"Kama ni taa na chaja ya simu, hii ndogo itakutosha. Kama kuna kitu cha kuchemsha au kupasha moto, hicho kiende ukutani chenyewe. Hata hii nzito haibebi birika na pasi kwa pamoja."

"Kidosho wa saluni alichukua ipi?"

Muuzaji akakuna kichwa. "Yule? Alichukua hiyo nzito, moja, ya feni na taa."

Moja! Mama Pindo akacheka moyoni.

"Mimi nipe hizo ndogo," akasema. "Nipe tatu."

Nyumbani akazipandisha moja juu ya mwenzake, zikatoka ukutani kama pua ya mtu mbishi. Zilikuwa zinacheza, basi akazikaza kwa vipande vya kitambaa, kama anavyokaza mguu wa meza. Akachomeka feni, friji, birika, pasi na cherehani. Vyote vikaitika. Lakini lile rundo la waya likamkera macho; angekuja Kidosho angelicheka. Akakata kitambaa cha maua, akakishonea marinda na lesi, akazivalisha adapta zake gauni. Ukiingia chumbani hukuona soketi, uliona mwanasesere kaning'inia ukutani.

Mama akaja, akalazwa karibu na dirisha apate hewa. Akanywa maji baridi, akamwombea dua bintiye. Kisha akanusa.

"Mwanangu, humu mna harufu ya samaki."

"Samaki gani, Mama? Sijapika samaki."

"Basi inanuka tu."

"Kwa Kidosho hakunuki, siyo?"

"Nani kamtaja Kidosho?"

Mama Pindo akapiga deki. Akafua mapazia. Harufu ikabaki palepale, na kila mama alipovuta pua, yeye alisikia jina la mdogo wake.

Siku Kidosho alipokuja kumwona mama, Mama Pindo alikuwa na nguo ya mteja ya kupiga pasi kwa haraka, na birika alishaliwasha kwa maji ya mama ya kuoga. Kidosho hakuketi. Alisimama katikati ya chumba, pua juu.

"Dada, harufu hii naijua. Saluni ilitutokea hivi kabla plagi ya draya ya nywele haijayeyuka. Hebu funua hapo."

"Hapo pana nini?"

"Si ndiyo nataka kuona."

Mama Pindo akasimama mbele ya soketi kama askari wa geti. "Kwako Mama ana feni, kwangu ana feni. Limekuuma?"

"Zima pasi, dada."

"Nyumba yangu, nitazima nikitaka."

Nyuma yake lesi ilishabadilika rangi. Moshi mwembamba ukapanda mpaka begani kwake, na alipogeuka, marinda yalikuwa yanawaka. Akadaka jagi la maji.

"Usimwagie maji!" mama akapiga kelele kutoka kitandani. "Umeme huo!"

Kidosho alishafika barazani. Swichi kubwa ya nyumba ikalia kap, feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Mama Pindo akalivuta gauni chini kwa rula yake ya mbao, akalikanyaga mpaka likazimika. Adapta tatu zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja, za kahawia, zikichuruzika ukutani. Kutoka hapo hadi kwenye mto wa mama ungefika kwa mkono.

Kidosho hakucheka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi dada yake. Angecheka, angalau angempa sababu ya kumchukia.

"Nipeni mfuko wangu," mama akasema.

"Mama, usiende. Nitatengeneza."

"Humu mimi nikinusa, naambiwa namtaja Kidosho. Nikiona moto nitaambiwa nini?"

Mama Pindo alisimama mlangoni akautazama mgongo wa mama ukiondoka umeegemea bega la mdogo wake, na kwa wivu hata salamu ya jirani akaiitikia kwa kichwa.

Akamwita fundi umeme. Fundi akang'oa soketi iliyoungua, akapima waya, akapasua ukuta, akavuta mpya na kuweka soketi zaidi.

"Birika na pasi, kila kimoja tundu lake ukutani, na usiviwashe pamoja," akamwambia. "Friji ukutani. Adapta ni ya taa na simu tu, moja, si juu ya nyingine. Iguse mara kwa mara; ikiwa ya moto, chomoa. Ikilegea, tupa, usiikaze na matambara."

"Na kuifunika?"

"Adapta haioni baridi, mama."

Akaenda kwa Kidosho. Alimkuta mama kakaa kitini, Kidosho anamsuka. Mama Pindo akaamkia, akabaki amesimama.

"Mama, ulinusa kweli. Mimi nilikuwa nasikia mengine."

"Na birika?" mama akauliza.

"Ukutani, peke yake. Pasi nayo mbali. Njoo unuse mwenyewe. Ukisema kunanuka, nitaamini kunanuka."

Mama akasema, "Haya. Sikumaliza kuonja kule. Kidosho, malizia nywele, nikakae na dada yako."

Mkono wa Kidosho ukasimama kichwani kwa mama. "Sasa hivi? Lakini hapa umezoea, Mama. Na feni yake ile ina kelele…"

Midomo ilimbenuka, jicho likakwepa. Mama Pindo aliitambua sura ile ya wivu mara moja. Hakuna aliyeijua kuliko yeye. Hakuwahi kuiona usoni kwa mdogo wake. Akajua alitakiwa aone huruma, na kidogo aliiona, lakini furaha ilitangulia.

"Msuke vizuri," akasema, akavuta kigoda akaketi. "Mimi sina haraka."