Meza Isiyo na Miguu

Juzi mtoto wa mjukuu wangu Salma alinifungulia maka peni puani, zile zinazonukia matunda, nikajikuta nimerudi Fridley, Amerika, jikoni kwa mwanangu Zuhura, miaka ile ya elfu mbili na kidogo. Harufu ya zabibu, lakini zabibu ambayo haijawahi kuliwa na mtu. Mlango wa friji ulikuwa umejaa vikadi vya maneno vilivyoandikwa kwa kalamu hizo, jiko zima linanuka peremende, na nje theluji imefunika magari mpaka kila mtu anapangusa gari la mwenzake.

Nililetwa kutoka Tanga kumlea mjukuu wangu Salma. Alikuwa na miaka kumi, tena ana jina langu, kwa hiyo namwita somo. Mama yake, Zuhura, alikuwa anahudumia wazee kule Coon Rapids, anatoka giza na kurudi giza. Mimi shule sikwenda. Chuoni nilikwenda, nikasoma Kurani kwa sauti mpaka wapita njia wakasimama, lakini maana tukamwachia mwalimu. Basi kwangu mimi kusoma ilikuwa sauti. Na sauti Salma alikuwa nayo.

Akija mgeni, hata majani ya chai hayajatiwa, nasema, "Somo, lete kitabu." Anasimama katikati ya zulia anakisoma Kiingereza kama wale wa taarifa ya habari, anapandisha, anashusha, anavuta pumzi panapotakiwa. Jirani yetu Mama Wanjiku, Mkenya, alikuwa anashika kifua: "Aki huyu mtoto ana-read, wee. Wangu ukimpea kitabu ni kama umempea adhabu." Na mimi hapo nimevimba kama andazi.

Ndipo tukaitwa shule. Mwalimu wake, Misi Kerol, alikuwa mwanamke mrefu, miwani kaifunga kamba shingoni, anaongea na mikono yote miwili utadhani anafukuza nzi. Akasema Salma anasoma vizuri sana ila haelewi anachosoma. Zuhura alipomaliza kunitafsiria, nikamwambia, "Mwambie asiyeelewa ni yeye." Zuhura akatafsiri kitu kingine kabisa. Nilijua, kwa sababu Misi alitabasamu.

Misi hakubishana. Alimpa mtoto karatasi inayohusu mvua, Salma akaisoma tamu, nikamkonyeza Zuhura kwamba unaona. Kisha akaulizwa swali kama lilivyoandikwa: tazama tebo, mwezi gani ulipata mvua nyingi? Mtoto akaitazama meza. Meza ile ya mbao tuliyoikalia. Akaangalia juu yake, akainama akaangalia na chini, halafu akasema kwa kisauti ambacho sijawahi kukisikia kwake, "Ai donti no."

Kumbe kwenye karatasi palikuwa na visanduku vya namba, na vitabu vyao navyo huviita tebo, jina lilelile la meza. Mimi hucheka hata msibani. Siku ile sikucheka.

Misi akaeleza polepole ili Zuhura aweze kunifikishia. Kiingereza cha kuchezea nje mtoto anacho, tena kingi. Lakini vitabu vina maneno yake, ambayo hakuna mtoto anayeyatumia akiwa kwenye bembea, na maneno hayohayo ndiyo yanayorudi kwenye hesabu, kwenye sayansi, kwenye historia. Asiyeyajua anapita juu ya ukurasa kama anayepita juu ya barafu. Mwezi wa nne kuna mtihani. Akishindwa, atarudia darasa la nne, na wenzake wataenda.

Kwenye gari Zuhura alishika usukani bila kuwasha. "Mama, mimi nimemsikiliza huyu mtoto akisoma miaka mitatu," akasema. Ndipo akawasha.

Sasa nikuambieni kazi ya yule mama, maana nilikwenda kukaa darasani kwake siku nzima nimtafutie kosa. Hakuwapa watoto orodha ya kunakili. Alichukua maneno machache tu kwa wiki. Neno moja walisema, wakaligawa vipande kwa makofi, wakaliigiza kwa mwili, wakaulizana ndugu yake nani na adui yake nani, kila mtoto akatunga lake, halafu ndipo wakafungua kitabu kulitafuta, na akiliona mtoto anaruka kama kaona shangazi yake sokoni. Kesho yake neno lilelile tena, mahali pengine. Hachoki. Mtoto akikosea anasema, "Mmm, niambie zaidi," hivyo, kichwa upande. Nikirudi nyumbani namwiga: nafunga miwani kwa kamba ya kiatu, napunga mikono, "Mmm, niambie zaidi," Salma anakufa kwa kicheko.

Kisha akawapa vile vikadi waende navyo nyumbani, wakaulize kwa lugha ya nyumbani. Zuhura akaona aibu. "Misi, mama yangu hajasoma."

"Anaongea?"

"Kuongea? Misi, huyu hanyamazi."

"Basi huyo ndiye ninayemtaka."

Kikadi cha kwanza Salma alinisomea samaraizi. Mimi nikasikia sumu ya rais. "Somo, mnafundishwa sumu? Na huyo rais amewakosea nini?" Alilala sakafuni akicheka. Akanieleza kwa Kiingereza, mimi nikamjibu kwa Kiswahili, ndivyo tulivyoishi, mpaka tukafika kwenye kufupisha, kubakiza la maana. Jioni dada yangu akapiga simu kutoka Tanga, saa nzima. Nilipokata nikamwambia Salma, haya, samaraizi. Akasema, "Goti linamuuma na mkwewe hapiki vizuri." Hakuacha kitu.

Ikawa mchezo wetu. Neno la leo nalisema kwa sauti ya Mama Wanjiku, kwa sauti ya Zuhura akitafuta funguo, kwa sauti ya dereva wa basi la shule. Nikikuta kitumbua kimepungua nauliza uko wapi evidensi, na ushahidi uko shavuni kwake, unang'aa mafuta.

Kikadi kimoja tu alikikataa. Tebo. Alikibandika chini kabisa, nyuma ya kalenda.

Mwezi wa pili akapata kifua. Nikamwita toka jikoni, "Dawa nimekuwekea juu ya meza, njoo umeze. Meza yote." Akasimama na kijiko mdomoni.

"Bibi. Meza iko juu ya meza?"

"Dawa iko juu ya meza. Wewe unaimeza."

"It's the same word," akasema, na macho yakamtoka. Ndiyo, nikamwambia, neno ni lilelile, na hujawahi hata siku moja kutaka kuimeza ile yenye miguu. Unajuaje ipi ni ipi? Akafikiri. "Kwa yanayolizunguka," akasema, kwa Kiswahili. Akaenda kwenye friji, akavuta kikadi cha tebo toka nyuma ya kalenda.

Misi Kerol aliposikia, aliwaambia watoto wote walete kutoka kwao neno moja lenye kazi mbili. Yakaja ya Kisomali, ya Kihmong, ya Kihispania, akayabandika ukutani, katikati akaandika MEZA. Mimi, nisiyeweza kuandika jina langu, neno langu lilikaa ukutani Amerika.

Bahasha ya majibu ya mtihani ilifika Zuhura akiwa bado na sare ya kazi. Aliisoma, akairudia, mpaka Salma akamnyang'anya. "Bibi, ngoja nikusamaraizie," akasema. "Naenda la tano."

Miaka mingi baadaye, Salma keshakuwa mtu mzima, nilimuuliza kwa nini siku zote zile hakumuuliza mtu maana ya maneno. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, bila hasira, "Bibi, wageni walikuwa wameshakaa."

 Mtoto alisimama pale kwenye zulia hajui anachokisema, na sisi tukampigia makofi, na kila kofi lilimfungia mlango wa kuuliza. Misi Kerol nilimwiga mwaka mzima, miwani, mikono, kichwa upande, yote. Kitu kimoja sikukiweza: kukaa mbele ya mtoto anayesoma vizuri namna ile, nisimsifu, nimuulize amesoma nini.