Mafuta ya akili

Jumamosi ng'ombe mumoja wa Moba alichinjwa hapa sokoni Kalemie. Vitunga vyetu vilikuwa vimepangwa mbele ya meza ya muchinjaji, kila kimoja kikimulindia mwenyewe nafasi, kama tulivyozoea. Akafika mukubwa mumoja mwenye abakosti ya kijivu, lile koti la wakubwa wa serikali, akasukuma vitunga kwa muguu, akaweka sakoshi yake, mufuko wa ngozi, juu ya meza.

"Nipe nyama laini yote," akasema. "Na mifupa yenye mafuta ndani."

Tukaokota vitunga vyetu, maana mukubwa anaweza kukufunga, nasi tuko na watoto wa kulisha. Mama mumoja mwenye mimba, ambaye kitunga chake kilikuwa cha kwanza, akauliza kwa upole: "Hata mufupa wa supu hutuachii, sitwayeni mukubwa?"

Mukubwa akainua kidole. Alikuwa ametoka semina ya Kinshasa. "Mama, mafuta ya nyama njo ilikomalisha ubongo wa muntu. Zamani simba alikula nyama, akaenda zake. Babu zetu wakakuja na jiwe, wakapasua mifupa, wakakula mafuta ya ndani. Njo akili ilianza!"

Mama akaangalia kifurushi cha nyama ambacho muchinjaji alikuwa amemufungia mukubwa, akaangalia kile cha mifupa.

"Kumbe simba yeye aliwaachia wengine mifupa," akasema.

Hakuna aliyecheka mpaka abakosti ilipopotea nyuma ya maduka. Mimi nilirudi nyumbani na ndagala zangu, visamaki vya ziwa, nikiwaza fundisho lile. Simba hakupata akili, ni kweli. Lakini alijua kushiba.